Stihizai dhidi ya dini: Muumini ajibu kwa njia ipi?

Mwaka wa 1857 wachimbuaji wa mabaki ya kale katika kilima cha Palatine mjini Roma walifukua jengo ambalo kuta zake zilikuwa zimejaa maandishi na michoro ya kukwaruzwa. Katika mchoro mmoja anaonekana mtu mwenye kichwa cha punda akiwa ametundikwa msalabani, na kando yake kijana aliyeinua mkono kana kwamba anasali. Chini yake pameandikwa kwa Kigiriki kibovu kuwa Alexamenos anamwabudu mungu wake. Wataalamu wengi wanaukadiria mchoro huo kuwa wa karne ya pili au ya tatu, na unahesabiwa miongoni mwa michoro ya kale zaidi ya kusulubiwa kwa Yesu iliyohifadhika hadi leo. Ajabu ni kwamba aliyeuchora hakuwa na nia ya kuuheshimu msalaba. Alikuwa akimcheka mwenzake.

Katika chumba kingine cha jengo hilo hilo yalipatikana maandishi ya mkono tofauti. Yanamtaja Alexamenos huyo kwa neno moja tu la Kilatini, lenye maana ya mwaminifu.

Stihizai dhidi ya dini, basi, si zao la magazeti ya Ulaya wala la simu za mkononi. Imekuwapo tangu kale, na kila dini inayofuatwa nchini Kenya imewahi kuionja. Kilichobadilika ni kasi. Kejeli iliyokwaruzwa ukutani Roma ilisomwa na waliopita mbele ya ukuta huo. Siku hizi picha ya kumdhihaki Mtume au ya kuukejeli msalaba hutungwa mchana na kufikia jioni imekwisha kuingia katika simu za waumini wa Garissa, Kisumu na Mombasa, na kila mmoja wao hulazimika kuamua atafanya nini, mara nyingi akiwa bado ana hasira. Katika nchi ambamo msikiti na kanisa hutenganishwa na ua mmoja, uamuzi huo haumhusu anayeutoa peke yake.

Kabla ya kuuliza muumini ajibu vipi, yafaa kuuliza amejibiwa na nani na kwa nia gani, kwa maana si kila kinachomuudhi mtu wa dini ni stihizai. Anayeuliza swali gumu kuhusu Utatu, au kuhusu ndoa za Mtume, huenda anataka kujua. Anayeeleza hadharani kwa nini haamini kuwapo kwa Mungu anatumia haki yake ya dhamiri kama vile anayehubiri sokoni anavyotumia yake. Kadhalika, mcheshi anayemwigiza mhubiri auzaye maji na mafuta ya upako kwa bei ya kuruka hamdhihaki Mungu. Anamdhihaki mfanyabiashara. Hapa nchini wapo viongozi wa dini ambao wakiulizwa sadaka zilikokwenda hukimbilia kusema kuwa kanisa linapigwa vita. Baada ya zaidi ya miili 400 kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, kuanzia Aprili 2023, hapana haja ya kumweleza Mkenya yeyote kuwa mtu anayemtilia shaka mhubiri si lazima awe adui wa imani.

Stihizai halisi ni ile inayokusudia kuumiza: kukichukua kile ambacho mwenzako anakitukuza na kukivunjia heshima kusudi aumie. Tena zaidi ya hiyo pana uchochezi, ambao ni kuwataka watu wawadhuru wafuasi wa dini fulani. Mambo haya hayajibiwi kwa namna moja, na sehemu kubwa ya misiba iliyotokea ulimwenguni katika miaka ya karibuni imetokana na watu kuyajibu yote kwa jibu la lile la mwisho.

Kisa cha vibonzo vya Denmark ndicho kinachofundisha zaidi, kwa sababu ndani yake waumini walijaribu takriban kila njia ya kujibu. Mnamo Septemba 30, 2005, gazeti la Jyllands-Posten lilichapisha vibonzo 12 kumhusu Mtume Muhammad (SAW). Chanzo chake kilikuwa malalamiko ya mwandishi mmoja wa vitabu vya watoto kwamba alikosa mchoraji wa kumchorea kitabu kuhusu maisha ya Mtume, na wahariri wakaona hiyo ni dalili ya woga unaofaa kupingwa. Si vibonzo vyote 12 vilivyokuwa vya matusi; kimojawapo kililicheka gazeti lenyewe. Kilichochoma zaidi kilikuwa kile cha Kurt Westergaard, kilichomchora Mtume akiwa na bomu kilembani.

Waislamu wa Denmark hawakuanza kwa mawe. Walianza kwa barua, kwa maandamano ya amani mjini Copenhagen na kwa kupiga ripoti kwa polisi, kwani sheria ya nchi hiyo wakati huo ilikuwa bado na kifungu cha kuwaadhibu wanaodhihaki dini. Mabalozi wa nchi 11, nyingi zikiwa za Kiislamu, walimwandikia Waziri Mkuu Anders Fogh Rasmussen wakiomba kuonana naye. Akakataa, akisema serikali haina mamlaka juu ya magazeti. Mapema Januari 2006 kiongozi wa mashtaka akaamua kuwa hapakuwa na kesi. Ni rahisi leo kulaumu hasira iliyofuata, lakini haki inataka isemwe kuwa milango ya staha iligongwa kwanza, na ilikaa bila kufunguliwa. Baadaye ilibainika pia kuwa gazeti hilo hilo lilikuwa limekataa mwaka wa 2003 kuchapisha vibonzo kuhusu kufufuka kwa Yesu, mhariri akihofia kuwa vingezua kelele. Waislamu walipouliza iwapo uhuru wa gazeti hilo ulikuwa na mizani miwili, hawakuuliza swali la kipumbavu.

Ndipo baadhi ya maimamu wa Denmark wakasafiri hadi Misri na Lebanon mwishoni mwa 2005, wakiwa na faili la kurasa zaidi ya 40. Ndani ya faili hilo, mbali na vibonzo 12 vilivyochapishwa, zilikuwamo picha tatu mbaya zaidi ambazo gazeti halikuwahi kuzichapisha. Maimamu walisema walizitia ili kuonyesha aina ya chuki ambayo Waislamu wa Denmark walikuwa wakitumiwa. Hata hivyo, mojawapo ilikuwa picha ya Mfaransa mmoja katika shindano la kuiga milio ya nguruwe, isiyohusiana na Uislamu kwa vyovyote. Waliozitazama picha hizo Cairo na Beirut hawakuwa na namna ya kutenganisha kilichochapishwa na kisichochapishwa. Hapo ndipo hoja ya haki ilipoanza kuchanganyika na uongo.

Yaliyofuata yanakumbukwa. Saudi Arabia ilimwita balozi wake nyumbani mwishoni mwa Januari 2006. Maduka ya nchi kadhaa za Kiarabu yaliondoa kwenye rafu maziwa na siagi ya kampuni ya Arla, na gazeti likaomba radhi kwa kuwaudhi Waislamu, ingawa halikukiri kuwa lilivunja sheria. Kususia bidhaa ni njia ya amani, na katika sakata hii ndiyo iliyosikika upesi zaidi. Dosari yake ni kuwa mfugaji wa ng'ombe wa Denmark hakuwa amechora chochote.

Februari 4 ubalozi wa Denmark na ule wa Norway mjini Damascus ulitiwa moto. Kesho yake ilikuwa zamu ya ofisi za ubalozi wa Denmark mjini Beirut, ambako masheikh walionekana wakijaribu kuuzuia umati bila mafanikio, na kanisa lililokuwa karibu likashambuliwa. Jijini Nairobi waandamanaji walitoka baada ya swala ya Ijumaa ya Februari 10 wakielekea ubalozi wa Denmark, na polisi wakawatawanya kwa gesi ya kutoa machozi. Mjini Benghazi, Libya, watu wasiopungua 10 waliuawa mnamo Februari 17 mbele ya ofisi za ubalozi wa Italia, baada ya waziri mmoja wa nchi hiyo kujigamba kwa kuvaa fulana yenye vibonzo hivyo. Waziri huyo alijiuzulu.

Lakini hakuna mahali palipoumia kama Nigeria. Mnamo Februari 18 maandamano mjini Maiduguri yaligeuka kuwa mashambulizi dhidi ya Wakristo. Makanisa yakachomwa, watu wakauawa. Siku chache baadaye, maiti zilipofikishwa kusini, vijana wa Onitsha walilipiza kisasi kwa Waislamu wenye asili ya kaskazini waliokuwa wakiishi miongoni mwao. Kufikia mwisho wa wiki hiyo watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa katika miji hiyo na mingineyo. Wengi wa waliokufa, Wakristo kwa Waislamu, yamkini hawakuwahi kuviona vibonzo hivyo. Westergaard mwenyewe alinusurika shambulizi la shoka nyumbani kwake Januari 2010, akaishi hadi 2021 na kufa akiwa mzee wa miaka 86.

Je, mwenye kejeli alinyamazishwa? Jibu ni bayana. Michoro iliyokusudiwa wasomaji wa nchi yenye watu wasiozidi milioni sita ilichapishwa upya katika magazeti ya mataifa kadhaa. Gazeti la Charlie Hebdo la Ufaransa, lililokuwa miongoni mwa walioichapisha upya na likashinda kesi iliyowasilishwa na msikiti mkuu wa Paris mwaka wa 2007, lilikuwa likitoa takriban nakala 60,000 kwa wiki. Baada ya watu 12 kuuawa katika shambulizi la Januari 7, 2015, toleo lililofuata lilichapishwa zaidi ya nakala milioni 7. Mmoja wa waliouawa na washambuliaji hao, waliodai kulipiza kisasi kwa niaba ya Mtume, alikuwa polisi Mwislamu, Ahmed Merabet.

Mifano ya karibu zaidi na kwetu haikosekani. Mnamo Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, ugomvi wa watoto wawili juu ya msahafu ulimalizika kwa mmoja wao kuukojolea. Mtoto alikuwa mikononi mwa polisi, lakini umati uliyashambulia makanisa ya mtaa huo. Kosa la kitoto la mmoja liliwekwa mabegani mwa waumini ambao siku hiyo walikuwa hawajui hata lililotokea.

Vitabu vya dini zenyewe vinasema nini? Kwa upande wa Uislamu, Kurani inalizungumzia jambo hili mara nyingi, kwa kuwa Mtume alidhihakiwa Makka kwa miaka mingi: aliitwa mshairi, mchawi na mwendawazimu. Mwishoni mwa sura ya Al-Hijr anahakikishiwa kwamba Mwenyezi Mungu anatosha kumkinga na wenye stihizai, na anaambiwa kuwa dhiki anayoihisi kifuani inajulikana. Hili ni la kuzingatiwa. Maandiko hayamwambii muumini kwamba haumii. Yanakiri kuwa anaumia, kisha yanamwelekeza kwenye tasbihi na sijda. Sura ya Fussilat inataka ubaya uondolewe kwa lililo jema zaidi, na Al-Furqan inawasifu wale ambao wajinga wakiwasemesha hujibu kwa maneno ya amani. Sura ya Al-An'am, katika aya ya 108, inawakataza waumini kuvitukana vinavyoabudiwa na wengine, wasije wakamchokoza mwenzao akamtukana Mungu kwa ujinga.

Katika hadithi zilizomo kwa Bukhari na Muslim pana kisa cha watu waliomwendea Mtume wakayapotosha maamkizi ili badala ya amani yawe maombi ya mauti. Bibi Aisha alighadhibika akawarudishia laana. Mtume akamtuliza, akamweleza kuwa yeye amekwisha kuwajibu kwa kusema tu, na juu yenu vivyo hivyo. Kisa hiki kina thamani kuliko kile cha mwanamke aliyekuwa akimtupia Mtume taka njiani, ambacho hupendwa sana na wahadhiri ingawa hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Wahadhiri wangefanya vyema kutumia kilichothibiti, maadamu kipo.

Itakuwa ni kumhadaa msomaji, hata hivyo, kudai kuwa upole ndio uliokuwa msimamo pekee katika historia. Wanazuoni wa madhehebu makubwa ya Kiislamu waliandika kuwa anayemtukana Mtume adhabu yake ni kifo, na Ibn Taymiyya alikiandikia suala hilo kitabu kizima mjini Damascus mwishoni mwa karne ya 13. Lakini wanazuoni hao walizungumza juu ya mamlaka ya kadhi na mtawala, si juu ya kundi la vijana barabarani. Pale ambapo adhabu hiyo imo sheriani leo, imekuwa silaha ya kulipizana visasi. Nchini Pakistan, Asia Bibi, Mkristo aliyekuwa kibarua wa shambani, alihukumiwa kifo mwaka wa 2010 kufuatia ugomvi ulioanzia kwenye maji ya kunywa. Gavana wa Punjab, Salman Taseer, aliuawa na mlinzi wake Januari 2011 kwa kumtetea. Mahakama ya Juu ilipomwachilia mwanamke huyo Oktoba 2018, ilisema ushahidi wa waliomshtaki ulikuwa ukigongana.

Wakristo nao wasijipige kifua upesi. Kitabu cha Walawi kinaagiza mwenye kukufuru apigwe mawe, na Ulaya ya Kikristo ililichukulia agizo hilo kwa uzito. Thomas Aikenhead, mwanafunzi mwenye umri wa miaka 20, alinyongwa mjini Edinburgh mwaka wa 1697 kwa kuidhihaki Biblia mbele ya wenzake. Uingereza ilifuta kosa la kukufuru mwaka wa 2008 tu.

Agano Jipya linakwenda njia nyingine. Katika mahubiri ya mlimani Yesu anawaita heri wanaotukanwa kwa ajili yake, na katika waraka wa kwanza wa Petro waumini wanatakiwa wawe tayari kueleza sababu ya tumaini lao, ila kwa upole na heshima. Petro huyo huyo, siku ya Pentekoste, alikumbana na watu waliowacheka mitume wakidai wamelewa mvinyo mpya. Hakuwakemea. Aliwaeleza kuwa hakuna aliyelewa, kwani ilikuwa saa tatu ya mchana, kisha akaendelea na hotuba yake. (Kwa bahati njema msomaji wa Kiswahili huielewa saa hiyo moja kwa moja bila kuhitaji kufanya hesabu.) Paulo alipochekwa na wasomi wa Athene aliondoka, wachache waliotaka kusikia zaidi wakamfuata. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 26, kinaweka mashauri mawili yanayopingana bega kwa bega: moja linakataza kumjibu mpumbavu kwa upumbavu wake, na lile linalofuata linaamuru ajibiwe. Wafafanuzi wengi huona kuwa hilo limefanywa makusudi. Kuna wakati wa kunyamaza na kuna wakati ambapo kunyamaza kunamfanya mwenye kejeli ajione mwenye hekima, na ni juu ya muumini kutambua amefikwa na upi.

Pwani ya Afrika Mashariki ina historia yake ya kujibu, na ni ya kujivunia. Mwaka wa 1923, Godfrey Dale, kasisi wa kimisionari wa Kianglikana aliyekuwa Zanzibar, alichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ikiwa na maelezo ya kuupinga Uislamu. Waislamu wengi waliiona kuwa ni shambulizi lililovishwa joho la elimu. Hakuna kanisa lililochomwa kwa ajili yake. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka wa 1937, alishika kalamu. Alianzisha gazeti la Sahifa mnamo 1930 na baadaye Al-Islah mnamo 1932, akiwahimiza Waislamu wasome, wajirekebishe na waijue dini yao vya kutosha kuitetea. Akaanza kuifasiri Kurani yeye mwenyewe, lakini alifariki mwaka wa 1947 kazi ikiwa haijakamilika. Mwanafunzi wake, Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mzaliwa wa Zanzibar ambaye naye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ndiye aliyechapisha mjini Nairobi mwaka wa 1969 tafsiri kamili ya Kurani Takatifu, ambamo anawajibu Dale na Maahmadiya hoja kwa hoja. Jibu hilo lilichukua miaka 46 tangu kitabu cha Dale kitoke. Leo tafsiri ya Farsy imo katika nyumba nyingi za Waislamu wa Kenya na Tanzania, ilhali ya Dale hutafutwa na watafiti.

Njia nyingine, ambayo si kila mtu ana kifua cha kuifuata, ni ile ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mwaka wa 2011 mchezo wa kuigiza wenye nyimbo uitwao The Book of Mormon ulifunguliwa New York. Mchezo huo unawacheka wamisionari wa kanisa hilo waliotumwa Uganda, na ukweli ni kwamba Waganda wenyewe hawakusazwa. Kanisa halikwenda mahakamani wala halikuwataka wafuasi wake waandamane. Lilinunua nafasi za matangazo katika vijitabu wanavyopewa watazamaji wa mchezo huo, likiwaalika wasome kitabu chenyewe baada ya kuuona mchezo.

Muumini wa Kenya ambaye ameona kejeli imevuka mpaka ana sheria ya kumkinga, ingawa wengi hawaijui. Kifungu cha 134 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kuwa hatia kuharibu au kunajisi mahali pa ibada au kitu kinachotukuzwa na waumini kwa nia ya kuitusi dini yao. Kifungu cha 138 kinamwadhibu kwa kifungo cha hadi mwaka mmoja mtu anayeandika au kutamka maneno kwa nia mahsusi ya kuumiza hisia za kidini za mwingine. Nia ndiyo inayopimwa, kwa hiyo swali, hoja au mzaha usio na kusudi hilo hauingii humo. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinamhakikishia kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani, na cha 33 kinaulinda uhuru wa kujieleza lakini kinauwekea mipaka: hauhusu uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki, na anayeutumia anatakiwa aziheshimu haki na hadhi za wengine. Katiba hiyo inasema pia kuwa hakuna dini ya taifa. Kinga ya Mwislamu ndiyo kinga ya Mhindu, na ndiyo ya asiyeamini.

Kuwa mahakama inaweza kumfaa anayedharauliwa kulidhihirika Septemba 2019. Mwanafunzi wa familia ya Kirastafari alikuwa amefukuzwa katika shule moja ya upili jijini Nairobi kwa sababu ya nywele zake. Imani yake ni miongoni mwa zile ambazo hapa nchini huchekwa bila haya, hata na watu wa dini. Mahakama Kuu iliamua kuwa Urastafari ni dini inayolindwa na Katiba, na kwamba mtoto huyo hakustahili kufukuzwa.

Kisa hicho kinaelekeza kwenye jambo ambalo mimbari nyingi huliruka. Wanaolalamika kudhihakiwa huwa pia ni mabingwa wa kudhihaki. Mihadhara ya hadharani ambayo katika miaka ya themanini na tisini ilivuta maelfu ya watu Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, Waislamu wakiichambua Biblia na Wakristo wakijibu kwa kuichambua Kurani, ilikuwa na watu waliosoma kweli. Ilikuwa pia na waliokuja kupigiwa makofi kwa kumcheka Mungu wa wenzao. Vilemba vya Wakorino vimefanyiwa utani kwa miongo. Wazee wa kaya za Wamijikenda, ambazo misitu yake iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2008, wamezoea kuitwa waabudu mashetani na wahubiri wa vipaza sauti. Mhubiri anayefanya hivyo Jumapili atapata taabu kumweleza mtu Jumatatu kwa nini msalaba usichekwe.

Katika maisha ya kila siku, stihizai nyingi hazifiki mahakamani wala hazihitaji kitabu. Huja kazini, garini, katika vikundi vya simu, mara nyingi kutoka kwa mtu anayefahamika. Wenye uzoefu wa kuwapatanisha waumini wa dini mbalimbali husisitiza mashauri machache ya kawaida. Asiyekusudia aelezwe faraghani, kwani akikemewa mbele ya watu atajitetea. Anayekusudia anyimwe hadhira. Picha ya kukejeli isisambazwe, hata kwa nia ya kuilaani, maana anayeitumia wenzake 50 ili wakasirike pamoja naye amemfanyia mchoraji kazi ambayo mchoraji asingeweza kuifanya. Habari ichunguzwe kabla ya kuaminiwa. Zile picha tatu za faili la Denmark zisisahaulike. Mtoto aliyechekwa shuleni kwa hijabu au kwa kilemba asiambiwe apigane, wala asiambiwe anyamaze tu. Mzazi aende kwa mwalimu mkuu, na huko asiporidhika aende juu zaidi.

Iwapo maneno yanazidi, Kurani ina agizo ambalo huenda ndilo jepesi kulitimiza kuliko yote. Aya ya 140 ya sura ya An-Nisaa inamtaka muumini anayesikia aya za Mungu zikifanyiwa mzaha asiketi na wanaofanya hivyo. Wafasiri huonyesha kuwa katazo hilo limewekewa kikomo: ni mpaka watakapoingia katika mazungumzo mengine. Yaani muumini anaondoka barazani pale utani unapogeuka kuwa matusi, na yakishazungumzwa mambo mengine, ya mvua au ya bei ya unga, hana kizuizi cha kurudi na kuketi.